Kilichokuwa Chini ya Diski Kubwa

Jina lake si Tatu, ila hakuna anayelikumbuka lile la kweli, hata yeye mwenyewe hulikumbuka anapojaza fomu tu. Hilo la Tatu alipewa na baba yake mdogo siku ya msiba, akiwa na miaka sita.

Mama yake alikuwa ametangulia zamani, na sasa baba naye kazikwa. Watu wazima wa ukoo wakakaa sebuleni kujadili mtoto atalelewa na nani. Mmoja akasema nyumba yake ndogo. Mwingine akasema atafikiria. Wa tatu akakohoa, kikohozi kirefu kisicho na ugonjwa. Kisha wakanyamaza wote, na mtoto mwenyewe kakaa pale pale kwenye mkeka, anasikia kila kitu, maana watu wazima wana tabia hiyo ya kudhani mtoto akiangalia chini basi na masikio yake yameangalia chini. Ndipo baba mdogo, kitinda mimba wa ukoo, kapera, mnadi wa samani zilizotumika, akapanda juu ya stuli akapaza ile sauti yake ya sokoni: "Mara ya kwanza! Mara ya pili! Mara ya tatu! Amechukuliwa!" Akapiga meza kwa kiganja, vikombe vikaruka. Mtoto akacheka, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Na jina likamganda.

Miaka thelathini imepita. Tatu amesomeshwa kwa sauti ile ile, iliyouza viti, makabati na majokofu yasiyogandisha. Anashukuru, tena anashukuru mno. Hajawahi kumjibu baba mdogo vibaya, hajawahi kuacha sahani yake bila kuiosha, hajawahi kusahau kumpigia simu jioni. Shukrani yake ni ya mtu aliyebaki mwisho kwenye mnada akachukuliwa kwa huruma, na mtu wa namna hiyo anaishi akihakikisha aliyemchukua hajuti. Hakuwahi kumwambia mtu jambo hilo. Mambo mengine ni mazito hata kuyasema kwa sauti ndogo.

Sasa Tatu ndiye fundi wa seva wa hospitali moja kubwa, mwanamke mwenye ofisi isiyo na dirisha na kiti kinacholia akiegemea. Zamani seva zenyewe, kompyuta zinazotunza kumbukumbu za hospitali, zilikaa chumba cha jirani na dobi, zikipata joto la pasi na mvuke wa mashuka. Mwaka huu uongozi ukaamua: tunahamia kwenye wingu. Maana yake tunakodi mashine za kampuni fulani, zipo mbali huko hatuzioni, tunaziamuru kwa mtandao. Tatu akaambiwa achague diski.

Jamani, aliifurahia kazi hiyo! Kuna watu wanafurahia kuchagua kitambaa cha nguo, yeye ni diski. Akatengeneza jedwali. Diski ya aina ya kwanza inakaa ndani ya mashine yenyewe, ina kasi ya ajabu, lakini mashine ikizimwa kila kitu kinafutika, ubao wa darasani kabisa. Akaiandikia pembeni: "Si kwa kitu unachokipenda." Aina ya pili ni diski ya mtandao, inakaa kivyake na kupachikwa kwenye mashine, mashine ikifa leo, diski unaipachika kwenye mashine nyingine kesho, maisha yanaendelea. Ya tatu ni ghala, unatupia mafaili mazima mazima, gharama yake ndogo, ila ukitaka kubadilisha kitu kimoja tu ndani ya faili ni lazima upakie lote upya. Akachagua ya pili kwa kazi za kila siku, na ghala kwa nakala za mwisho wa mwezi.

Diski peke yake haitoshi, inahitaji mfumo wa mafaili, yaani utaratibu wa kupanga vitu ndani yake. Hapo tena akakaa wiki nzima. Kuna mfumo mkongwe, hauna makuu, kila mtu anaujua. Kuna wa pili, hodari wa mafaili makubwa, ila unaweza kuupanua tu, kuupunguza haiwezekani, Tatu akaandika, "Kama tumbo la bwana harusi." Na kuna wa tatu unaojikagua wenyewe: chembe moja ikiharibika ndani ya faili unapiga kelele. Akauchukua huo. Juu yake akaiagiza kampuni ipige picha ya diski kila alfajiri, ili jambo likiharibika leo warudi kwenye jana. Uongozi ukampongeza. Kichwa kikamvimba kidogo, na nani angemlaumu?

Ila kuna jambo dogo aliloliruka, na hapa inabidi tumtaje Mama Waya.

Mama Waya ndiye aliyekuwa mkuu wa chumba cha seva kabla ya kustaafu, mama mwenye mdomo mkali na mkono mwepesi, na ndiye aliyemfundisha Tatu kazi. Alikuwa na desturi yake moja. Kwenye mashine za aina hii diski haipewi herufi wala alama yake kwenye skrini. Inapachikwa juu ya folda tupu, na kuanzia hapo ukifungua folda unaona vilivyomo kwenye diski. Mama Waya kabla ya kupachika diski yoyote aliifunga kwanza ile folda tupu, ili diski isipokuwepo mtu asiweze kuandika chochote humo. "Mlango wa nyumba tupu unafungwa," alikuwa akisema. Vijana wa kazi walimcheka. Tatu naye, siku ya kupachika diski kubwa mpya, akajisemea kwamba hayo ni mambo ya enzi za dobi, akapita. Na kwa haraka hiyo hiyo akasahau kuandika ule mstari mmoja unaoiambia mashine ikiwaka iipachike diski yenyewe. Mdharau mwiba, mguu huota tende.

Diski ile kubwa ilikuwa na kazi moja: kuhifadhi sauti za watu. Hospitali ina kitengo kinachowarekodi wagonjwa wa koo kabla ya upasuaji. Mtu anasoma sentensi mia sita, polepole, siku kadhaa. Baadaye zinatumika kukitengenezea kifaa sauti yake, ili akiandika kizungumze kwa sauti aliyozaliwa nayo, si kwa sauti ya roboti wa benki.

Na mgonjwa wa mwezi huo alikuwa baba mdogo.

Uvimbe ulianza kama ukakasi, ukaja kuwa mkwaruzo, na daktari aliposema kisanduku cha sauti kitaondolewa chote, mnadi yule alikaa kimya dakika nzima, jambo ambalo Tatu hakuwahi kuliona. Kisha akauliza, "Na kingine kinapatikana wapi, nikakinadie bei?" Daktari akacheka. Tatu akatoka nje akalia chooni, akanawa uso, akarudi.

Jumatatu hadi Ijumaa baba mdogo akakaa kwenye kichumba cha kurekodia, kuta zimefunikwa magodoro ya zamani ili mwangwi usiingie. Aliyemrekodi ni mtaalamu wa matamshi, ambaye wodi nzima inamwita Dada Matamshi. 

"Mzee, soma: Naomba maji ya kunywa."

"NAOMBA MAJI YA KUNYWA! Nani anaongeza?"

"Mzee wangu, sema kama kawaida yako."

"Mwanangu, hiyo ndiyo kawaida yangu."

Siku ya Ijumaa zilipokwisha zote mia sita, akaomba dakika mbili zaidi, peke yake, Dada Matamshi akatoka. Rekodi zote zikapelekwa kwenye seva, na kwa sheria ya siri za wagonjwa kompyuta ya kurekodia ikazifuta zilipopokelewa. Jumanne asubuhi baba mdogo akafanyiwa upasuaji. Ulikwenda salama. Sauti ile haitatoka tena kwenye koo la mtu.

Jumatano Tatu aliingia ofisini kwake saa tatu asubuhi, akitokea wodini, macho mekundu, chai mkononi. Kwenye skrini kuna onyo: diski ndogo ya mashine, ile inayobeba programu za kuiendesha, imejaa asilimia tisini na moja. Akashangaa. Kutazama vizuri akaona kumbe mashine ilizimwa na kuwashwa na kampuni Jumapili, siku moja kabla baba mdogo hajaanza kurekodi, kwa matengenezo yao, na tangu siku hiyo diski kubwa haijapachikwa. Akajipiga kofi la paja. "Ule mstari! Nimesahau ule mstari!" Akauandika, akaipachika diski, akafungua folda. Folda za wagonjwa zikajipanga mbele yake, safu kwa safu. Moyo ukatulia.

Ila onyo halikuondoka. Tisini na moja bado. Akajumlisha mafaili yote anayoyaona kwenye ile diski ndogo. Hayakufika hata robo yake. Mtu aliyelala vizuri angesimama hapo akajiuliza. Tatu hakuwa amelala vizuri siku nne. Akasema, mashine hii imechanganyikiwa, dawa yake ni kuifuta na kujenga nyingine. Sauti zipo kwenye diski kubwa, mashine yenyewe haina kitu cha maana. Akafungua ukurasa wa kampuni, akabonyeza futa. Ukurasa ukamtaka aandike jina la mashine kuthibitisha. Mashine iliitwa sautimoja. Akaandika s, a, u, t, i, m, o.

"Hodi!" Dada Matamshi akaingia bila kusubiri jibu. "Tatu mpenzi, nipe folda ya mzee nianze kuitengeneza ile sauti. Ameamka anachora chora tu kwenye karatasi, ananitia huruma."

"Subiri, naitafuta hapa hapa."

Akaacha zile herufi zimekaa, akafungua dirisha lingine, akatafuta. Folda ya mwisho ilikuwa ya bibi mmoja wa wiki mbili nyuma. Akatafuta kwa jina, kwa namba ya faili, kwa tarehe. Hakuna. Akaenda kwenye picha za alfajiri, zile alizojivunia: picha kumi, kila moja ina tiki ya kijani, na zote ni picha ya kitu kile kile, kwa sababu diski kubwa ilikaa pembeni siku zote hizo bila kuandikwa chochote. Mfumo unaojikagua nao ulikuwa kimya. Haukuwa na la kukagua.

"Zilipokelewa," Dada Matamshi akasema. "Niliona mwenyewe, imeandika imepokelewa. Tatu, hatuwezi kumrekodi tena. Unajua hatuwezi."

"Najua."

"Sasa—"

"Dada, najua!"

Hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kumpandishia mtu sauti pale kazini. Mtu aliyemchukua pale ambapo hakuna aliyemtaka, kamwekea amana moja tu maishani mwake, na yeye kaipoteza kwa uvivu wa mstari mmoja. Atakwenda kusimama vipi mbele ya kitanda kile? Atasema nini?

Akapiga simu kwa Mama Waya. Mama Waya alikuwa saluni, kichwa kwenye beseni.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Sema haraka, povu linaniingia sikioni."

Tatu akaeleza yote, bila kujipamba. Kuanzia mashine ilivyozimwa hadi zile herufi saba zilizokaa kwenye ukurasa. Upande wa pili maji yakafungwa.

"Usiandike hata herufi moja nyingine," Mama Waya akasema. "Mikono juu ya meza. Haya, niambie. Diski ndogo imejaa kiasi gani?"

"Tisini na moja."

"Na mafaili unayoyaona humo?"

"Hayafiki robo."

"Sasa hiyo iliyobaki imejazwa na upepo?"

Tatu akaitazama tena ile tisini na moja.

"Ile folda uliyopachikia diski, uliifunga kwanza?"

Tatu akaukumbuka mlango wa nyumba tupu.

"Haya, hukuifunga. Wewe na ujuaji wako! Sikiliza, mwanangu. Ukidondosha sarafu sakafuni, halafu ukatandika zulia juu yake, sarafu imepotea?"

Loh! Siku zote zile diski haikuwepo, programu ya kupokea sauti iliikuta folda tupu, wazi, ikaandika humo humo, kwenye diski ndogo ya mashine. Na asubuhi hii yeye mwenyewe kaitandika diski kubwa juu yake. Zilikuwa chini. Zilikuwa chini muda wote, kwenye mashine aliyobakiza herufi mbili aifute.

"Mama..."

"Usilie, utalowesha kibodi. Simamisha programu ya kupokea, halafu ibandue diski kubwa. Taratibu. Nipo, siendi popote, nina sabuni kichwani."

Akasimamisha. Akabandua. Akafungua folda ile ile. Wale wagonjwa wa zamani wakatoweka wote, na mahali pao ikabaki folda moja tu, ya baba mdogo, sentensi mia sita na faili moja la ziada.

Dada Matamshi akapiga vigelegele mpaka mlinzi wa korido akachungulia. Tatu alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili.

"Zipo?" akauliza Mama Waya.

"Zipo, Mama. Zipo zote. Asante. Mama, asante, sijui nikushukuru vipi."

"Nakili mara mbili, mahali pawili, kabla hujagusa kingine. Halafu ifunge hiyo folda kama nilivyokufundisha. Na mpe mzee salamu zangu. Kabati aliloniuzia mwaka ule mlango wake haujawahi kufungika." Akakata simu, akarudi kwenye povu lake.

Tatu akanakili, akahakiki, akanakili tena. Akazifuta zile herufi saba kwenye ukurasa wa kampuni moja moja, kwa heshima. Dada Matamshi akaondoka na sentensi zake mia sita, karibu anakimbia. Likabaki lile faili la ziada. Jina lake lilikuwa KWA TATU.

Akavaa vipokea sauti. Kwanza ikaja pumzi, na mkwaruzo wa kiti. Kisha sauti ile, imeshachakaa, lakini ni yenyewe.

"Tatu. Huyu binti amenipa mashine nizungumze, basi nizungumze, maana bure haikataliwi. Kuna jambo sijakwambia, na wiki ijayo nitakuwa sina cha kukwambia nalo. Siku ile ya kikao. Najua unavyoikumbuka. Nakuona unavyoosha sahani nyumbani kwangu, mwanangu, unaziosha kama mgeni. Unadhani watu walikataa, nami nikakuokota. Sivyo. Nilipopanda kwenye ile stuli nilikuwa nimemwona shangazi yako mkubwa anafungua mdomo. Alikuwa anataka kusema leteni huyo mtoto kwangu. Ana mume, ana nyumba, ana kila kitu. Akisema tu, mimi kapera wa chumba kimoja nani angenipa mtoto? Ndiyo maana nilihesabu mbio mbio. Mnadi anayejua kazi anavuta, mara ya kwanza, anangoja, mara ya pili, anangoja. Mimi sikungoja. Niliogopa, Tatu. Niliogopa nitapitwa." Akakohoa. "Shangazi yako hakunisemesha miaka miwili. Haya. Basi, zimeisha dakika zangu."

Tatu akavua vipokea sauti. Akakaa, kiti kikalia. Akakumbuka ile sebule, safari hii mpaka kwenye mdomo wa shangazi ulio wazi nusu, ambao alikuwa ameuona siku zote na hakujua ni wa nini. Akalia na kucheka kwa pamoja, kilio cha aibu hakikuwamo, kisha akafunga kompyuta na kupanda ngazi kwenda wodini, mbili mbili.

Baba mdogo alikuwa ameegemezwa mito mitatu, bandeji shingoni, penseli mkononi. Tatu akamweleza yote, hata zile herufi saba. Mzee akamkodolea macho, akaandika kwenye karatasi: UNGENIFUTA? Mabega yakaanza kumtikisika, cheko lote ndani, kimya, mpaka nesi akamwonya kuhusu nyuzi. Kisha akaacha kucheka. Akaandika tena, herufi ndogo: Umesikia?

"Nimesikia."

Mzee akatazama dirishani. Mnadi wa miaka yote ile, leo kaona haya.

Wodi ilikuwa na vitanda nane, na wageni wa mchana walikuwa wameanza kuingia na chupa zao za chai. Tatu akavuta stuli ya wageni. Akapanda juu yake, mtu mzima, kitambulisho cha kazi kinaning'inia shingoni.

"Mara ya kwanza mara ya pili mara ya tatu!" akapaza, mbio mbio, bila kuvuta pumzi, akimwonyesha mzee kwa kidole. "Amechukuliwa!"

Wageni wakageuka. Nesi akasema dada shuka hapo. Baba mdogo akanyoosha kiganja, akapiga kimeza cha dawa, vikombe vikaruka.